Kushiriki mashindano ya sataranji ana kwa ana: mwongozo kwa wachezaji wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

Mchezaji aliyejifunza sataranji kwenye simu, kama walivyojifunza vijana wengi wa siku hizi, huingia katika mashindano yake ya kwanza akiwa na uwezo mkubwa kuliko matokeo atakayoyapata. Sababu yake ni kwamba simu ilikuwa ikimfanyia kazi nyingi bila yeye kuzihesabu: ilimkatalia mwendo usioruhusiwa, iliendesha saa, iliandika kila mwendo, ilitangaza sare na ilimtafutia mpinzani. Ukumbini kazi hizo zote humrudia yeye mwenyewe, na kila moja ina kanuni yake na adhabu yake. Mwongozo huu unahusu kazi hizo, wala haufundishi ufunguzi au mbinu za kushambulia. Unachukulia kwamba tayari unajua jinsi kete zinavyokwenda. Sheria zinazotajwa humu ni za FIDE, yaani Shirikisho la Kimataifa la Sataranji lililoundwa Paris mwaka 1924, katika toleo lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Mashindano madogo ya shule au ya mtaa yanaweza kuzilegeza baadhi yake, lakini mwandaaji anayefanya hivyo anapaswa kusema kabla ya raundi ya kwanza, si katikati ya ugomvi.

Hatua ya kwanza: lisome tangazo kabla ya kulipa ada

Tangazo la mashindano mara nyingi hukufikia kwenye kundi la WhatsApp likiwa picha moja yenye tarehe, ukumbi, zawadi na namba ya kulipia. Zawadi ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa, ilhali jambo la kwanza la kutafuta ni muda wa mchezo. Ukiona "dakika 90 na sekunde 30", maana yake ni kwamba kila mchezaji anapewa dakika 90 za mchezo mzima, na saa inamwongezea sekunde 30 kwa kila mwendo anaoucheza. Mchezo wa miendo 60 kwa kipimo hicho unaweza kuchukua muda wa saa nne, kwa hiyo raundi mbili zinameza siku nzima. Ukiona "dakika 15 na sekunde 10", mchezo kama huo utaisha ndani ya dakika 50 hivi, na raundi tano au sita kwa siku zinawezekana. FIDE hupima aina ya mchezo kwa kuchukua muda wa mchezaji mmoja na kuujumlisha na nyongeza ya miendo 60: ukizidi dakika 10 lakini usifike 60, huo ni mchezo wa kasi, ukiwa dakika 10 au pungufu, ni blitzi, kuanzia dakika 60 ni mchezo mrefu. Kwa mashindano ya kwanza ningemshauri mtu achague mchezo wa kasi wenye nyongeza ya sekunde, kwa sababu blitzi haimwachii mgeni nafasi ya kuzoea taratibu, na mchezo mrefu unamchosha kabla hajajifunza kugawa nguvu zake.

Jambo la pili ni kama mashindano yamesajiliwa FIDE kwa ajili ya viwango, yaani namba zinazopima nguvu ya kila mchezaji. Usajili huo hufanywa na chama cha taifa kabla mashindano hayajaanza, wala hauwezi kuombwa baada ya kugundua kwamba umecheza vizuri. Yakiwa yamesajiliwa, utahitaji namba ya utambulisho ya FIDE, ambayo pia hutolewa kupitia chama cha taifa. Mpe mwandaaji jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na jinsia, na usikubali jina la utani liingie kwenye orodha, kwa maana kulirekebisha baadaye ni kazi ndefu.

Tatu, uliza muda wa kuchelewa unaovumiliwa. Sheria inamtaka mwandaaji autaje mapema, na asipoutaja unahesabiwa kuwa sifuri, yaani mchezaji ambaye hayupo kwenye kiti raundi inapoanza amepoteza mchezo. Wengi hutoa dakika 15 au 30, lakini huwezi kudai usichotajiwa.

Nne, kama ibada yako inaangukia ndani ya ratiba, liseme wakati wa kujiandikisha. Mashindano mengi hufanyika Jumamosi na Jumapili, hivyo Msabato na Mkristo wa madhehebu mengine wote wanaweza kuguswa, na yanapoanza Ijumaa huguswa pia Mwislamu. Waandaaji wengi huruhusu mchezaji aombe kupumzika raundi moja kwa kupewa nusu pointi, ila ombi hilo ni la mapema, na mara nyingi halikubaliwi kwa raundi ya mwisho.

Ukishalipa kwa simu, omba risiti ya karatasi au nakili namba ya muamala kwenye daftari. Ujumbe wa malipo uliomo ndani ya simu hautakusaidia sana mezani ikiwa simu zimeamriwa kuzimwa mlangoni.

Hatua ya pili: panga kufika siku moja kabla

Kwa mtu wa Nyamagana au Ilemela hapa hapana neno zaidi ya kuzijua foleni za asubuhi na kumuuliza mwandaaji alama ya kuufikia ukumbi. Kwa wengine ziwa ndilo linalopanga ratiba. Anayetoka Geita au Sengerema amepunguziwa adha tangu Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, lilipofunguliwa Juni 2025, kwa sababu hakuna tena kukaa kwenye foleni ya kivuko huku saa ya raundi ikikaribia. Anayetoka Ukerewe bado anategemea chombo cha majini kutoka Nansio, au anazunguka kwa kivuko cha Kisorya na kushika barabara ya Bunda. Njia zote mbili zinaweza kuchelewa, na upepo wa ziwa hausomi tangazo la mashindano. Kushuka bandarini asubuhi na kwenda moja kwa moja kwenye ubao ni kumzawadia mpinzani mchezo wa kwanza.

Mashindano makubwa zaidi yatakutaka usafiri mbali. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na basi la kutoka Nyegezi litakufikisha ukiwa na miguu iliyovimba. Kwa safari hiyo acha usiku mzima wa kulala kati ya basi na raundi ya kwanza. Nairobi hufikiwa kwa kupitia Musoma na mpaka wa Sirari, na Kampala kwa kupitia Bukoba na Mutukula. Hakikisha hati ya kusafiria ingali hai, na kama mchezaji ni mtoto, barua ya ruhusa ya mzazi na ya mkuu wa shule ziwe kwa kiongozi wa msafara, si ndani ya begi la mtoto.

Hatua ya tatu: ufundishe mkono kabla ya kuufundisha ubongo

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida ya haraka kuliko zote. Tafuta ubao halisi na kete halisi. Seti za mashindano huwa na mfalme wa urefu wa sentimita 9.5 hivi na viboksi vya upana wa sentimita 5 hadi 6. Jicho lililozoea ubao wa simu, unaotazamwa kutoka juu, hushindwa kumwona tembo aliyejificha nyuma ya kete ndefu kwenye kona ya mbali, na dawa yake ni kucheza michezo mingi mezani mpaka jicho lizoee.

Cheza na saa kila mara. Mwendo huchezwa kwa mkono mmoja, na saa hubonyezwa kwa mkono ule ule uliocheza. Mchezaji anayesogeza kete kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiwa umekaa juu ya saa atakaripiwa na mwamuzi, na akiendelea ataadhibiwa. Vivyo hivyo, ukila kete ya mpinzani kwa mkono mmoja na kuweka ya kwako kwa mkono wa pili kisha ukabonyeza saa, umehesabiwa kufanya mwendo haramu.

Zoea pia kuhamisha mfalme na ngome kwa pamoja kwa utaratibu wake: mfalme ndiye anayeshikwa kwanza na kusogezwa viboksi viwili, kisha mkono ule ule unaipitisha ngome. Aliyeanza kwa kushika ngome amejifunga. Haruhusiwi kufanya uhamisho huo upande huo kwa mwendo huo, na lazima aicheze ngome aliyoishika ikiwa ina pa kwenda.

Jambo la kupandisha askari hadi malkia lina mtego wa aina yake. Mtaani, malkia wa pili akikosekana, watu hugeuza ngome kichwa chini na kila mtu akaelewa. Kwa mwamuzi wa FIDE, ngome iliyogeuzwa ni ngome, na mchezo utaendelea nayo ikiwa ngome. Kama malkia wa akiba hayupo mezani, simamisha saa, inua mkono, umwombe mwamuzi akuletee. Na ukimfikisha askari mstari wa mwisho ukabonyeza saa kabla ya kumbadilisha, huo nao ni mwendo haramu.

Mwisho wa mazoezi haya ni kalamu. Katika mchezo mrefu kila mchezaji analazimika kuandika miendo yake na ya mpinzani wake kwenye karatasi aliyopewa. Safu za wima huitwa kwa herufi a hadi h kutoka kushoto kwa mwenye kete nyeupe, na za mlalo kwa namba 1 hadi 8 kutoka upande wake. Mfalme huandikwa K, malkia Q, ngome R, tembo B na farasi N, naye askari hana herufi. Kwa hiyo Nf3 ni farasi anayekwenda kiboksi cha f3, na e4 ni askari anayekwenda e4. Sheria inakuruhusu kutumia herufi za lugha yako, lakini hizi ndizo zinazosomwa na waamuzi wengi bila kuuliza. Andika mwendo baada ya kuucheza. Kuuandika kwanza ndipo ucheze hairuhusiwi, isipokuwa pale unapodai sare kwa namna itakayoelezwa chini. Unaweza kumjibu mpinzani kabla ya kuandika mwendo wake, ila huwezi kucheza mwendo mwingine kabla ya kuandika ule uliotangulia. Ukibakiwa na chini ya dakika 5, na saa haina nyongeza ya sekunde 30 au zaidi, unasamehewa kuandika. Katika mchezo wa kasi na blitzi kuandika si lazima.

Hatua ya nne: fungasha kidogo

Kalamu mbili, maji, kitambulisho, sweta kama ukumbi una kiyoyozi, na chakula chepesi. Uliza kama waandaaji watatoa ubao na saa au kila mchezaji aje na vyake. Daftari lako la ufunguzi libaki begini wakati wa mchezo, kwa sababu kusoma maandishi yoyote huku saa ikitembea ni kosa.

Hatua ya tano: elewa jinsi unavyopangiwa mpinzani

Mashindano mengi ya wazi huendeshwa kwa mfumo wa Uswisi, ambao ulitumika kwa mara ya kwanza kwenye sataranji huko Zürich mwaka 1895. Faida yake kwa mtu aliyesafiri kutoka mbali ni kwamba hakuna anayetolewa kwa kushindwa. Wote hucheza raundi zote, na kila raundi unakutana na mtu mwenye pointi sawa na zako au zinazokaribiana, bila kumrudia uliyekwisha kucheza naye.

Chukua mfano wa wachezaji 40. Wanapangwa kwa viwango kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na raundi ya kwanza nusu ya juu inakutanishwa na nusu ya chini: wa 1 na wa 21, wa 2 na wa 22, na kuendelea hivyo. Mgeni asiye na kiwango huwekwa chini ya orodha, tuseme wa 35, kwa hiyo atacheza na wa 15, ambaye kwa vyovyote ana uzoefu kumzidi. Kushindwa raundi hiyo ni jambo la kawaida, wala si dalili kwamba umekosea kuja. Raundi ya pili utakutana na mwingine aliyeshindwa, na kuanzia hapo mfumo unakusogeza taratibu kuelekea kwa watu wa kimo chako. Ndiyo sababu mgeni anayeaga baada ya kufungwa mara mbili huondoka wakati hasa michezo yake mizuri ilipokuwa inakaribia.

Wachezaji wakiwa idadi witiri, mmoja hukosa mpinzani na kupewa pointi kamili; wachezaji huiita bai, nayo humwangukia mtu mara moja tu katika mashindano. Rangi nazo hugawiwa kwa mizani, na kwa kawaida hutapewa rangi moja mara tatu mfululizo. Upangaji hufanywa na kompyuta chini ya usimamizi wa mwamuzi, na katika mashindano mengi matokeo huwekwa kwenye tovuti ya Chess-Results. Usimfuate mwamuzi kumwambia nani angepaswa kucheza na nani; ukiona matokeo yako yameandikwa vibaya, hilo ndilo la kumwambia, tena kabla raundi inayofuata haijapangwa.

Hatua ya sita: mbele ya ubao

Zima simu kabisa kabla ya kuingia, kisha uiweke mahali mwamuzi alipoelekeza. Kwa sheria ya FIDE mchezaji haruhusiwi kuwa na kifaa chochote cha elektroniki mwilini ndani ya eneo la mashindano bila idhini ya mwamuzi, na ikithibitika kwamba anacho, amepoteza mchezo na mpinzani wake amepewa ushindi. Saa ya mkononi yenye intaneti imo. Kanuni za mashindano zinaweza kuruhusu simu iliyozimwa ikae begini, lakini begi hilo hulifungui wala hutoki nalo bila ruhusa. Hakuna hoja ya "nilikuwa naangalia saa" inayosikilizwa hapa, na sioni kwa nini isikilizwe, maana programu ya sataranji ya simu ya kawaida humshinda bingwa wa dunia.

Keti, hakikisha kiboksi cheupe kiko kwenye kona ya kulia kwako, mpe mpinzani mkono, na kama ni mkubwa kwako msalimie shikamoo kama unavyomsalimia popote. Baada ya hapo maneno yanakwisha. Aliyezoea kijiwe cha drafti, ambako mtazamaji anashauri, anacheka na wakati mwingine anasogeza kete kwa kidole chake, atauona ukimya huu kuwa wa ajabu. Mtazamaji wa sataranji hana ruhusa ya kusema lolote kuhusu mchezo. Akiona kosa anaweza kumwarifu mwamuzi peke yake. Mchezaji wa meza nyingine haruhusiwi kuzungumzia mchezo wenu hata kidogo.

Kanuni inayoangusha wageni kuliko zote ni ya kugusa. Ukishika kete yako kwa makusudi, lazima uicheze ikiwa ina mwendo halali. Ukigusa ya mpinzani, lazima uile ikiwa inalika. Ukigusa zaidi ya moja, ya kwanza kuguswa ndiyo inayohesabiwa. Kete ikikaa vibaya kiboksini na unataka kuinyoosha, sema kwanza "narekebisha", kwa sauti ya kusikika, wakati wa zamu yako. Kusema baada ya kugusa hakufuti kitu. Wajuzi hukaa juu ya mikono yao au huishika kalamu wakati wote wa kufikiri, na tabia hiyo inafaa kuigwa. Mpinzani akigusa kete kisha akacheza nyingine, dai haki yako kwa mwamuzi papo hapo kabla hujagusa kete yoyote, kwa maana ukishagusa yako kwa makusudi, dai lako limekufa.

Mwendo haramu, kwa mfano kumwacha mfalme akishambuliwa, huhesabiwa kuwa umekamilika pale saa inapobonyezwa. Katika mchezo mrefu kosa la kwanza humpa mpinzani dakika 2 za ziada, na la pili ni kushindwa. Katika blitzi nyongeza hiyo ni dakika 1. Linganisha na simu, ambayo ingekirudisha kidole chako kimya kimya, na utaelewa kwa nini nimetumia nafasi kubwa hivi kuzungumzia mikono.

Muda ukikuishia umeshindwa, isipokuwa mpinzani asiwe na namna yoyote ya kumfunga mfalme wako hata ungecheza vibaya kiasi gani. Hapo inakuwa sare. Mwenye mfalme peke yake, kwa hiyo, hashindi kwa saa. Jitahidi kuitazama saa kila unapomaliza kuandika mwendo, na uhakikishe kwamba umeibonyeza. Saa iliyosahauliwa inaendelea kukutafuna wewe, na mpinzani halazimiki kukukumbusha.

Hatua ya saba: sare ina utaratibu wake

Sare haiombwi kwa kunyoosha mkono mezani wakati wowote unapochoka. Unacheza mwendo wako, unasema "naomba sare", ndipo unabonyeza saa. Mpinzani anaweza kukubali, kukataa kwa mdomo, au kukataa kwa kucheza tu. Ombi moja likikataliwa, mwachie yeye zamu ya kuomba. Kuomba kila baada ya miendo miwili ni kumsumbua, na usumbufu una adhabu.

Ipo sare ya kudai. Hali ya ubao ikijirudia mara tatu, mwenye zamu akiwa yule yule, au miendo 50 ya kila upande ikipita bila askari kusogea wala kete kuliwa, una haki ya kudai. Kama ni mwendo wako ujao ndio utakaoileta hali hiyo, uandike kwenye karatasi bila kuucheza, simamisha saa, umwite mwamuzi. Ukiucheza kwanza umepoteza nafasi hiyo. Dai likionekana si la kweli, mpinzani anaongezewa dakika 2 na mwendo uliouandika lazima uchezwe. Karatasi iliyoandikwa ovyo haiwezi kuthibitisha dai la namna hii, na hiyo ni sababu nyingine ya kuandika vizuri. Hali ikijirudia mara tano, au miendo 75 ikipita, mchezo unakwisha sare bila ya kuhitaji dai la mtu.

Na kuna sare inayowaumiza walio mbele. Mfalme wa mpinzani akiwa hajashambuliwa, naye hana mwendo wowote halali wa kete yoyote, mchezo umekwisha sare, hata kama una malkia wawili. Wapo wanaofundishwa mtaani kwamba huo ni ushindi. Kabla ya kumbana mfalme aliyebaki peke yake, hakikisha ameachiwa kiboksi cha kukanyaga.

Hatua ya nane: mwite mwamuzi, usibishane

Ukiwa na shida yoyote, simamisha saa, inua mkono, usubiri. Eleza kilichotokea kwa sentensi chache, mwache mpinzani naye aeleze, kisha upokee uamuzi. Kama huuridhii, uliza kuhusu rufaa hapo hapo, kwa sababu mashindano makubwa huwa na kamati ya rufaa, nayo huweka muda mfupi wa kupeleka malalamiko na wakati mwingine ada. Mzazi au mwalimu aliyemleta mtoto asiingie katika mazungumzo haya. Watoto wengi hushindwa kuinua mkono kwa kuona haya mbele ya mpinzani mtu mzima, na mwalimu anaweza kuwasaidia kwa kuwafanyisha mazoezi ya jambo hilo shuleni kama wanavyofanyishwa ufunguzi.

Mchezo ukiisha, wote wawili mnaandika matokeo na kutia saini kwenye karatasi zote mbili, kisha mnarudisha kete mahali pake. Usitie saini karatasi ambayo matokeo yake hujayasoma.

Hatua ya tisa: kati ya raundi

Kujadili mchezo na mpinzani kunafundisha kuliko saa nyingi za video, lakini jadilianeni nje ya ukumbi wa kuchezea. Kula, ila kwa kiasi. Sahani ya ugali na sato mzima saa saba mchana italala nawe kwenye raundi ya saa nane. Tembea kivulini, kunywa maji, na usizikokotoe pointi za watu wengine mpaka raundi mbili za mwisho.

Wakati huo ndio utakapofaa kujua vigezo vya kutenganisha walio sawa. Kinachotumika sana ni Buchholz, yaani jumla ya pointi walizopata wapinzani wako wote. Wewe na mwenzako mkimaliza raundi 7 na pointi 5 kila mmoja, lakini wapinzani wako wakawa na jumla ya 28 na wake 24, wewe uko juu, kwa kuwa umepita njia ngumu zaidi. Aliyefungwa raundi ya kwanza kisha akapanda kwa kuwafunga wa chini mara nyingi huumizwa na kigezo hiki. Uliza pia kama fedha za zawadi hugawanywa sawa kwa waliolingana au hufuata vigezo, maana tofauti yake huonekana mfukoni.

Ukilazimika kuondoka kabla ya mwisho, mwambie mwamuzi kabla raundi haijapangwa. Anayetoweka kimya kimya ili awahi chombo cha Nansio anamwacha mtu mwingine amekaa mbele ya kiti kitupu, na waandaaji wengi humkumbuka mtu huyo wakati wa kupokea majina ya mashindano yanayofuata.

Hatua ya kumi: fuatilia kiwango chako

Orodha ya FIDE hutolewa kila tarehe 1 ya mwezi. Ili upate kiwango cha kwanza unahitaji michezo isiyopungua 5 dhidi ya wachezaji wenye viwango, na michezo hiyo inaweza kukusanywa kutoka mashindano tofauti ndani ya miezi 26. Tangu Machi 2024 kiwango cha chini kabisa ni 1400. Anayefanya chini ya hapo haingii orodhani kwanza. Mgeni aliyeambulia sifuri katika mashindano yake ya kwanza, matokeo hayo hayahesabiwi, hivyo asijione amejiharibia.

Ukishapata kiwango, mabadiliko yake hukokotolewa kwa kila mchezo. Mchezaji mpya hutumia kizidishio cha 40 mpaka atimize michezo 30. Tuseme una 1500 na umemfunga mwenye 1700. Kwa tofauti ya alama 200 ulitarajiwa kupata 0.24 ya pointi, umepata 1, kwa hiyo umezidi matarajio kwa 0.76, na mara 40 ni alama 30.4. Ungefungwa naye ungepoteza 9.6 tu. Kwa mgeni, kucheza na walio juu yake kuna hasara ndogo na faida kubwa, na hili ni la kukumbuka unapochagua kati ya kundi la wazi na kundi la wanaoanza, pale mwandaaji anapotoa yote mawili.

Orodha ya mwezi unaofuata ikitoka, linganisha michezo iliyohesabiwa na karatasi zako. Mchezo ukikosekana au rangi na matokeo vikiwa vimegeuzwa, mwandikie mwamuzi mkuu wa mashindano hayo mapema, ukitaja raundi, namba ya meza na jina la mpinzani, na uambatanishe picha ya karatasi iliyotiwa saini na nyote wawili.